Povu la Mto Nairobi lina undugu na barafu ya Siberia

Hebu, ndugu msomaji, siku utakapotoka Gikomba kutafuta mitumba, simama kidogo kwenye daraja uangalie Mto Nairobi. Usiangalie chupa za plastiki na matambara yanayoelea, kwa maana hayo umeyazoea. Angalia kando, pale ambapo maji yametulia juu ya tope jeusi. Baada ya dakika moja au mbili utaona viputo vikipanda kutoka chini, kimoja, kisha viwili, kisha mkururo mzima, vinafika juu na kupasuka. Mtoto uliyemshika mkono atakwambia kuna samaki anayepumua. Si samaki. Ni tope linalotoa gesi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, ndiyo ile ile inayowaka kwenye jiko la biogesi.

Sasa nikikwambia kwamba huko Siberia, maelfu ya kilomita kutoka hapa, kuna maziwa yanayotoa viputo vya namna hii hii, na kwamba wataalamu wa nchi nyingi wanavihesabu kwa wasiwasi, huenda ukauliza hayo yanamhusu nini mkazi wa Umoja au Kayole anayengojea mfereji wake utoe maji. Yanamhusu sana. Na ili tuelewane, itatubidi tuanze jikoni.

Kila kitu kilichowahi kuwa na uhai kina kaboni ndani yake. Sukuma wiki ina kaboni, karatasi ya daftari ina kaboni, hata nywele zako. Mkaa unaoununua kwa mkebe ni kaboni karibu tupu. Kitu kinapokufa, vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kukila, na kaboni iliyokuwamo hutoka. Je, hutoka kwa njia gani? Hapo ndipo maji yanapoingia.

Chukua maganda ya viazi, uyatandaze nyuma ya nyumba palipo pakavu na penye hewa. Vijidudu vitayala vikivuta oksijeni, na vitatoa hewa ya ukaa, kama unavyopumua wewe baada ya sahani ya ugali. Baada ya majuma machache maganda yamekwisha. Lakini maganda hayo hayo ukiyatia katika ndoo, ukayajaza maji na kuyasahau nyuma ya mlango, mambo hubadilika. Oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mno, kiasi cha mara 10,000 polepole zaidi kuliko inavyosambaa hewani. Vijidudu vinavyoitegemea huikosa. Maganda huoza kwa shida, yakabaki ujiuji mweusi kwa miezi. Na mahali pa vijidudu vya kwanza huingia vingine, vya asili ya kale, visivyohitaji oksijeni hata kidogo. Hivi ndivyo vinavyotoa methani. (Methani yenyewe haina harufu. Ule uvundo unaokufanya uzibe pua ni wa gesi nyingine zinazoandamana nayo.)

Basi shika mambo mawili tu. Maji yakifunika vitu vilivyokufa, kaboni nyingi hubaki imefungiwa chini, lakini kidogo huponyoka kwa sura ya methani. Maji yakiondoka, kufuli limefunguliwa, na kaboni yote hupata njia ya kwenda angani kama hewa ya ukaa.

Ondiri, mama wa mto

Mto unaopita Gikomba haukuzaliwa mchafu. Mji wa Kikuyu uko kiasi cha kilomita 20 magharibi ya katikati ya jiji, na karibu nao, bondeni, kuna kinamasi kiitwacho Ondiri, chenye hekta zipatazo 30. Hapo ndipo Mto Nairobi unapoanzia. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni shamba la majani ya kijani kibichi. Ukikikanyaga utajua hujui, kwa sababu ardhi hutikisika. Unachokanyaga si ardhi hasa, bali ni mkeka mnene wa matete na mizizi unaoelea juu ya maji, na chini yake kuna mboji, yaani majani na mizizi iliyokufa zamani ikazama bila kuoza yote.

Mboji hujengeka kwa mwendo wa kinyonga. Kwa kawaida milimita moja kwa mwaka ni kazi nzuri. Hivyo kinamasi chenye mboji ya kina cha mita moja kimekuwa kikiweka akiba kwa miaka 1,000 hivi. Akiba hiyo ni kaboni, na mlinzi wake ni maji. Duniani kote, ardhi ya mboji ni kiasi cha asilimia 3 tu ya nchi kavu, lakini kaboni iliyomo ni nyingi kuliko ile iliyo katika miti ya misitu yote ukiijumlisha.

Mboji ni sifongo pia. Hunyonya mvua ya masika na kuiachilia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ndiyo sababu mto hupata chochote cha kupitisha mwezi wa Februari. Kwa miaka mingi sasa Ondiri imekuwa ikivutwa huku na huku: pampu za kumwagilia mashamba ya mboga na maua, mikaratusi inayokunywa maji kama ngamia aliyerudi safarini, majengo yanayoukaribia ukingo, na majitaka ya mji unaokua. Wakazi wa hapo waliunda chama cha marafiki wa Ondiri ili kupambana na hayo. Sitaki kukudanganya, msomaji: kaboni ya Ondiri ikitoka yote, dunia haitaona tofauti. Ni kijisufuria kimoja katika jiko la arusi. Lakini mto ukipoteza sifongo yake, sisi wa chini tutaona tofauti, kiangazi kwa uvundo na masika kwa mafuriko.

Na sisi wa chini ni wengi. Kutoka Ondiri mto hupitia Dagoretti na Chiromo, ukaja Kamukunji, Gikomba, Majengo na Kiambiu, ukashuka hadi Dandora na Korogocho. Mito ya Mathare na Ngong huungana nao, kisha wote huingia Athi, na hatimaye kwa jina la Sabaki humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Tusisahau pia kwamba jiji lenyewe lilijengwa juu ya maji. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 palikuwa pahali pa vinamasi, na jina Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Wakoloni walijichagulia miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Waafrika wakawekwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa mwezi wa Januari hadi kiatu cha mtoto kinapotelea, kisha ukivimba wakati wa mvua na kukataa kunywa hata tone. Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Bahati zote zilijengwa hivyo. Mtaa wa Ziwani, jina lake tu lakueleza. Mafuriko ya Eastlands si bahati mbaya tu. Yana ramani yake, na ramani hiyo ilichorwa ofisini.

Friji iliyokatiwa stima

Tuondoke sasa, twende kaskazini. Katika Siberia, Alaska na sehemu kubwa ya Kanada kuna udongo ambao haujayeyuka kwa maelfu ya miaka. Usifikiri ni barafu tupu. Ni udongo kama wa kwetu, wenye mizizi, nyasi, mboji, hata mizoga ya mamothi, wale ndovu wa kale wenye manyoya, vyote vimeshikamanishwa na barafu. Juu yake kuna tabaka jembamba linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena majira ya baridi. Tuuite udongo-barafu. Wataalamu wanakadiria kwamba nchi hizo za baridi zimehifadhi katika udongo wao kati ya tani bilioni 1,460 na 1,600 za kaboni. Hiyo ni karibu mara mbili ya kaboni yote iliyoko sasa angani juu ya vichwa vyetu.

Sasa fikiria mwenye bucha katika soko la Burma ambaye friji lake limejaa nyama na stima imepotea. Saa ya kwanza hana wasiwasi. Saa ya tatu anaanza kufungua mlango na kunusa. Nyama haijaoza, lakini vijidudu vimeamka. Hivyo ndivyo ilivyo huko. Tangu mwaka 1979, eneo la Aktiki, yaani ule upande wa juu kabisa wa dunia, limekuwa likipata joto karibu mara nne kwa haraka kuliko wastani wa dunia nzima. Tarehe 20 Juni 2020 katika mji wa Verkhoyansk, Siberia, kipimajoto kilisoma nyuzi 38. Hapa Nairobi, karibu na ikweta, nyuzi 30 tu zinatufanya tulalamike kwenye matatu.

Lakini joto peke yake haliamui mambo. Maji ndiyo yanayoamua. Barafu iliyo ndani ya udongo inapoyeyuka, ardhi hupoteza kilichokuwa kikiishikilia, ikadidimia kama keki iliyotolewa jikoni mapema. Panatokea shimo. Ikiwa maji hayana pa kwenda, shimo hugeuka kidimbwi, kidimbwi kikawa ziwa. Maji hushika joto la kiangazi kuliko udongo, hivyo ziwa huendelea kuyeyusha udongo-barafu ulio chini yake hata wakati wa baridi, na ile kaboni ya kale huoza bila oksijeni. Matokeo yake ni methani. Ikiwa maji yamepata mfereji wa kutorokea, ardhi hukauka, oksijeni ikaingia, na kaboni ile ile hutoka kwa haraka kama hewa ya ukaa. Mahali pawili palipo umbali wa kutoka Jericho hadi Makadara panaweza kwenda njia tofauti kabisa, kimoja ziwa na kingine kichaka kikavu, kwa sababu ya mteremko mdogo tu.

Tofauti hiyo si ndogo. Tani moja ya methani hunasa joto zaidi ya mara 80 ya tani moja ya hewa ya ukaa ukihesabu kwa miaka 20, na karibu mara 28 ukihesabu kwa miaka 100. Afueni ni kwamba methani haikai sana angani, kama miaka 12 hivi, ilhali sehemu ya hewa ya ukaa hubaki kwa karne nyingi. Kwa hivyo ukiulizwa ni njia ipi iliyo mbaya zaidi, kinamasi kipya au ukame mpya, ulizia kwanza unahesabu miaka mingapi.

Katika jimbo la Alaska, karibu na mji wa Fairbanks, mtaalamu mmoja wa kike, Katey Walter Anthony, amejulikana kwa njia yake ya kuwaonyesha watu jambo hili. Majira ya baridi viputo vya methani hunaswa ndani ya barafu ya ziwa, vimepangana kama sahani nyeupe. Yeye hutoboa barafu, akawasha kiberiti, na mwali wa moto hupanda juu kupita kimo cha mtu. Ukiona picha zake utadhani ni mazingaombwe, kumbe ni kemia ya kidato cha pili.

Siberia nayo, huko Yakutia, kuna shimo la Batagay. Inasemekana lilianza miaka ya 1960 baada ya miti kukatwa mahali hapo, jua likapata nafasi ya kuuchoma udongo uliokuwa kivulini. Leo shimo hilo lina urefu wa kiasi cha kilomita moja na bado linakula ardhi. Mji wa Norilsk ulipata msiba wa aina nyingine mwezi Mei 2020: tangi la dizeli liliporomoka na kumwaga zaidi ya tani 20,000 za mafuta, nyingi zikaingia mitoni, na kampuni yenyewe ikasema ardhi iliyoganda chini ya nguzo ilikuwa imelegea. Mwezi Agosti 2021 mvua, si theluji, ilinyesha kwenye kilele cha barafu ya Greenland, jambo ambalo halikuwa limewahi kurekodiwa hapo.

Tuseme ukweli wote. Joto hilo hilo huleta pia kiangazi kirefu, na vichaka vya kaskazini hukua zaidi na kuvuta hewa ya ukaa. Kwa miaka mingi hesabu ilikuwa ikisawazika hivyo. Lakini mwezi Desemba 2024 idara ya Marekani inayochunguza bahari na anga ilitangaza kwamba nyika za Aktiki, ukitia ndani moto unaoziteketeza, sasa zinatoa kaboni nyingi kuliko zinavyohifadhi. Aliyekuwa akiweka akiba ameanza kutoa.

Jirani zetu walishaonja

Ukidhani hayo ni ya wazungu na theluji yao, tazama Rwanda. Kaskazini ya nchi hiyo, karibu na mpaka wa Uganda, kuna kinamasi cha mboji kiitwacho Rugezi. Maji yake hulisha maziwa ya Burera na Ruhondo, na kati ya maziwa hayo kuna mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mitaro, wakakausha sehemu za kinamasi ili walime, na hakuna wa kuwalaumu sana kwa sababu tumbo halingojei. Ukame ulipoongezeka, maji ya maziwa yakashuka. Kufikia mwaka 2004 Rwanda ilikuwa gizani, na serikali ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli. Hebu hesabu mwenyewe: mboji ikikauka ilitoa kaboni, na dizeli iliyochomwa kwa sababu mboji imekauka ikatoa nyingine. Waliokuwa Nairobi wakati wa mgao wa stima mwaka 2000 wanajua kelele za majenereta ya Jogoo Road zilivyokuwa. Rwanda iliwaondoa wakulima kinamasini, mitaro ikazibwa, na maji ya maziwa yakapanda tena.

Jirani mwingine, Kongo, ameketi juu ya hazina ambayo dunia haikuijua vizuri hadi mwaka 2017. Watafiti wa Uingereza pamoja na wenzao wa Kongo zote mbili walitembea kinamasini kwa miguu wakitoboa ardhi kwa mirija mirefu, wakagundua kwamba katikati ya bonde la mto Kongo kuna mboji yenye kaboni ipatayo tani bilioni 30. Sehemu nyingine ina umri wa zaidi ya miaka 10,000. Na waliposoma tabaka zake kama kurasa za kitabu, waliona kurasa zimekosekana. Maelfu ya miaka iliyopita, mpaka kiasi cha miaka 2,000 kabla ya sasa, hali ya anga ya huko ilikauka, maji yakashuka, na mboji iliyokuwa imejilimbikiza ikaoza ikatoweka hewani. Mvua zilipozidi tena ndipo akiba ilipoanza upya. Hapakuwa na tingatinga wala pampu wakati huo. Maji yalishuka tu.

Kaboni hurudi kama mvua

Kufikia hapa tumeona jinsi maji yanavyoiongoza kaboni. Lakini kaboni nayo huyaongoza maji, na hapa ndipo Mathare inapoingia katika hadithi ya Siberia.

Umewahi kuona jinsi nguo zinavyokauka upesi Februari na jinsi zinavyochelewa Julai kwenye roshani ya nyumba yako Buruburu? Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvuke huo hauishii juu. Siku ya kushuka, hushuka kwa kishindo. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa kulikuwa na 280 za hewa ya ukaa. Sasa zimepita 420. Nyingi zimetokana na makaa ya mawe, petroli na misitu iliyochomwa, na hatia kubwa ni ya nchi tajiri, hilo lisemwe bila kumung'unya maneno. Udongo-barafu ukiongeza wake, unaongeza juu ya mzigo uliokwisha kuwa mzito.

Mwezi Aprili 2024 mvua ya masika iliipiga Nairobi usiku na mchana. Mto Mathare uliacha njia yake ukapita nyumbani mwa watu. Mukuru palizama. Nchini kote watu waliokufa katika mafuriko ya msimu huo walikaribia 300, na kisha wale waliookoka kando ya mito wakabomolewa nyumba kwa amri ya kuhama ukingo. Kikundi cha wanasayansi wa kimataifa kilichopiga hesabu baadaye kilisema kwamba joto la dunia liliongeza ukali wa mvua ile kwa asilimia 5 hivi. Utasema asilimia 5 ni kidogo. Lakini mtaro uliojaa pomoni haulizi kama kilichoongezwa ni kikombe au ndoo. Na tukiwa wakweli, mitaro iliyozibwa, nyumba zilizojengwa mtoni na ule udongo mweusi vilifanya sehemu kubwa ya kazi.

Kuna mzunguko mwingine ulio karibu nasi zaidi ya Siberia, na mimi naona ndio ungepaswa kufundishwa shuleni kwanza. Mvua za vuli za mwaka 2019 zilizidi kiasi Afrika Mashariki. Ziwa Viktoria likapanda, na mwezi Mei 2020 likavunja rekodi yake ya tangu miaka ya 1960. Mwaka 2024 likaivunja hiyo nayo. Maji ya ziwa hushuka na Nile hadi kwenye vinamasi vikubwa vya Sudd, Sudan Kusini, yakatandaa juu ya mafunjo na nyasi. Setilaiti zinazopima methani kutoka juu zilionyesha kwamba vinamasi vya Afrika Mashariki vilitoa methani kwa wingi baada ya mvua hizo, kiasi cha kuonekana katika hesabu ya dunia nzima. Mvua ikazaa kinamasi, kinamasi kikazaa gesi, na gesi huongeza joto linalozaa mvua. Sudd si mkosaji. Imekuwa hivyo tangu zamani, na ndege na ng'ombe wa huko huitegemea. Ila hesabu ya anga haichagui.

Hapa mtaani

Turudi Eastlands, ambako tuna vinamasi vyetu vya kujitengenezea. Jaa la Dandora limekuwa likipokea taka za jiji tangu miaka ya 1970, na lilitangazwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayajaacha kuja. Takataka nyingi za Nairobi ni mabaki ya chakula. Zinaposhindiliwa zikapata mvua, ndani hukosa hewa, na mambo huwa yale ya ndoo nyuma ya mlango, ila ndoo hii ina ukubwa wa kijiji. Moshi unaouona wakazi wa Dandora na Korogocho wakiuvuta kila siku hutoka katika moto unaofukuta humo ndani. Mbele zaidi, Ruai, kuna mabwawa makubwa ya kusafisha majitaka ya jiji. Mabwawa ya kwanza kabisa yametengenezwa makusudi yakose oksijeni, ili vijidudu vile vya kale vifanye kazi. Kazi wanaifanya vizuri, ila methani huachiliwa angani. Kibera kumejengwa vyoo ambavyo huinasa gesi hiyo na kuipeleka kwenye jiko, watu wakapikia chai. Ni jambo la kushangaza kwamba choo cha kitongoji kimefanya jambo ambalo mabwawa ya jiji zima hayajalizoea.

Mama mwenye nyumba huko Komarock atauliza afanye nini basi. Akiwa na kijisehemu cha ardhi, atenge maganda na mabaki ya mboga, ayafanye mbolea mahali penye hewa, akiyageuza kwa uma au fimbo kila wiki. Yakipata hewa, kaboni hutoka kama hewa ya ukaa tu, na sehemu yake hubaki katika udongo unaostawisha mchicha. Yakienda Dandora hutoka kama methani. Anayeishi gorofani hana nafasi hiyo, na wafugaji wa nguruwe wanaozunguka mitaani wakiomba mabaki humsaidia kuliko anavyojua.

Na mwanafunzi asiyeamini haya anaweza kuyajaribu mwenyewe. Tafuta chupa mbili za plastiki za lita moja. Tia katika kila moja vijiko vitano vya tope la mtaroni au udongo mweusi wa bustani na konzi moja ya majani makavu yaliyokatwakatwa. Ya kwanza ilowanishe kidogo tu na uiache wazi. Ya pili ijaze maji hadi karibu na mdomo, kisha uweke kifuniko bila kukikaza, kwa sababu gesi ikikosa pa kutokea chupa itapasuka. Ziweke zote mahali penye joto na pasipo jua kali, mbali na jiko na moto wowote, na nawa mikono kwa sabuni. Andika kila Jumapili unachokiona. Katika chupa ya kwanza majani yataanza kunyong'onyea na kupungua. Katika ya pili yatabaki na umbo lake kwa muda mrefu, na baada ya majuma kadhaa, ukiigongagonga chupa kwa kidole, utaona viputo vikipanda kutoka chini, kimoja, viwili, kisha mkururo.